Pua ya Fundi Mng'aro

Benchi lenyewe lilikuwa na miguu mitatu ya mbao na mmoja wa matofali, jambo la aibu kidogo kwa sababu lilikaa mlangoni kwa fundi. Lakini fundi huyo hakuwa wa kuunga miguu, alikuwa wa kung'arisha. Makabati, meza za ofisi na milango ya wenye uwezo vilifika kwake vimefubaa, vikatoka unaweza kujitazama meno. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mng'aro, na jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye kitambulisho tu. Hatua kumi na mbili kutoka kwenye benchi palikuwa na jiko la Mama Birika, muuza kahawa. Hatua hizo Mng'aro alizihesabu mwenyewe, maana polishi yake ilikuwa na thina ndani, ile dawa ya kuyeyushia rangi, na thina haitakiwi kuonana na kaa la moto. Kwenye benchi alikaa Taarifa, tarishi mstaafu aliyebeba barua za serikali miaka thelathini bila kufungua hata moja, na bado akaamini anajua kilichoandikwa ndani. Kando yake alikaa Dakta, kijana wa kutengeneza simu, ambaye kwa maoni yake hakuna ugonjwa duniani usiotokana na mtandao. Hawa ndio waliokata kesi zote za mtaa kabla ya saa nne asubuhi.

Asubuhi hiyo kahawa iliungua.

Taarifa alionja, akakishusha kikombe taratibu.

— Mama Birika, leo umetupikia kahawa au umetuchemshia mkaa?

— Imeungua kidogo. Nilikuwa naikaanga, simu ikaita. Asiyetaka aache.

— Kidogo? — Dakta alifuta ulimi kwa mkono wa shati. — Hata simu iliyolipuka betri hainuki hivi.

Mng'aro alikuwa amekwisha maliza yake. Alinyoosha kikombe.

— Mbona nzuri tu. Niongezee, shemeji.

Wote watatu walimgeukia. Mama Birika alishika birika hewani bila kumimina.

— Nzuri?

— Nzuri. Kwani imekuwaje?

Dakta alikohoa kwa adabu.

— Mzee wangu, nisamehe, lakini mwanamume akisifu kahawa kama hii, hapo kuna posa.

— Wewe mtoto, ushike adabu yako — Mama Birika alisema. — Marehemu mke wake alikuwa dada yangu. Hatukuzaliwa tumbo moja, lakini hakuna kanga niliyonunua bila kumgawia kipande. Huyu ni shemeji yangu na atabaki shemeji.

— Si mapenzi — alisema Taarifa. — Ni majonzi. Majonzi huanza kwenye ulimi. Pale wizarani tulikuwa na karani mmoja, alipofiwa na mke alikula mche wa sabuni akidhani mkate. Akaomba na chai.

— Akafa?

— Akapandishwa cheo.

Mng'aro alicheka nao, ingawa kucheka kulimgonga kichwani. Kwa siku nne sasa kitu kama mkanda kilikuwa kimemkaza paji la uso, na alipoinama aliona nyota. Hakumwambia mtu. Alidhani ni uchovu, na uchovu wenyewe aliupenda, kwa sababu ulitokana na kitanda cha mtoto.

Kitanda kilikuwa ndani, kwenye chumba cha marehemu mkewe. Binti yake wa pekee alijifungua mji mwingine miezi miwili iliyopita, akampa mtoto jina la bibi yake huyo marehemu, na sasa alikuwa anakuja kumleta. Mng'aro aliapa kwamba mtoto huyo akifika atalala kwenye chumba kile, katika kitanda kinachong'aa kuliko chochote alichowahi kumfanyia tajiri. Alikipaka mikono saba ya polishi, tabaka juu ya tabaka. Na kwa kuwa adui wa polishi mbichi ni vumbi, alifanya kama alivyofundishwa na mwalimu wake wa kazi: alifunga madirisha, akayabandika magazeti kwa gundi kwenye mianya, akanyunyiza maji sakafuni, akasukuma tambara chini ya mlango, kisha akavua shati ili nyuzi zisidondoke. Humo ndani alifanya kazi akiwa kifua wazi kutwa nzima, siku nne.

Mtu asije akasema alikuwa mzembe. Matambara yake ya mafuta hakuwahi kuyarundika hata siku moja. Aliyatandaza kwenye waya uani moja moja, kwa sababu aliona kwa macho yake rundo la matambara likipata joto lenyewe na kuteketeza karakana ya mwalimu wake. Moto aliuogopa kuliko simba. Kuhusu hewa hakuna aliyewahi kumwambia neno.

— Mimi nawaambia ni minara — Dakta alikuwa anaendelea. — Ulimi ni antena. Na pua ina laini mbili, hii ya kushoto na hii ya kulia. Mzee hapa laini zote zimefungiwa.

— Na nani?

— Si hao wenyewe.

— Hapo umekaribia — Taarifa alisogea mbele, benchi likayumba upande wa matofali. — Hebu jiulizeni, manukato yanatengenezwa na nini? Maua? Maua gani yatatosha dunia nzima? Kuna barua ilipita mikononi mwangu, nzito, ina lakiri nyekundu. Wanakusanya kunusa kwa wazee. Wanakupunguzia kidogo kidogo ukiwa umelala, wanajaza kwenye vichupa. Kuna mwanamke mahali fulani leo ananukia kwa pua ya Mng'aro.

— Basi awe mzuri — alisema Mng'aro.

Mama Birika peke yake hakucheka. Alikuwa anamtazama macho, ambayo yalikuwa mekundu pembeni.

— Shemeji, unaumwa?

— Siumwi.

— Unaumwa. Dada yangu alikuwa akisema ukiumwa unakuwa mpole. Leo umekuwa mpole mno.

Angejibu, lakini bodaboda ilisimama mbele ya benchi, akashuka binti yake, siku mbili kabla ya siku aliyosema, mkoba begani na mtoto kifuani.

Basi kijiwe kikasahau pua. Taarifa alisimama wima kama anapokea waziri. Mama Birika alitupa kitambaa, akamkumbatia binti pamoja na mtoto, akalia, akajicheka kwa kulia. Dakta akapokea mkoba. Mng'aro alibaki amesimama, hajui aweke wapi mikono yake yenye rangi ya kahawia mpaka kwenye viwiko.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba, mwanangu. Mbona mapema?

— Nilishindwa kusubiri. Huyu hapa mke wako amekuja.

— Sasa utamkaripiaje? — Mama Birika alimwambia shemeji yake. — Utaita jina la marehemu kwa sauti kubwa mbele yangu? Jaribu nikuone.

— Sitamkaripia — alisema Mng'aro, na alimaanisha hasa.

— Nimlaze kwanza, baba. Safari imemchosha.

Hapo ndipo alipokuwa anapangoja. Alitoa ufunguo, akatangulia, akavuta tambara chini ya mlango, akaufungua mlango kwa upana wake wote, akasimama pembeni kama mwenye hoteli. Binti aliingia hatua mbili. Ya tatu haikufika. Aligeuka akiwa amemfunika mtoto uso kwa kiganja, akatoka mbio, akapita benchi, akavuka barabara hadi upande wa pili, na huko akasimama akikohoa huku mtoto akilia.

Mng'aro alimfuata hadi ukingoni mwa barabara.

— Kuna nini? Umeona nyoka?

— Baba, hiyo harufu huisikii?

— Harufu gani?

Taarifa alikwenda mlangoni, akachungulia, akarudi nyuma akiwa ameshika kifua. Dakta naye akaenda, akarudi anafuta machozi. Mng'aro aliwatazama mmoja mmoja, akaingia mwenyewe mpaka katikati ya chumba, akavuta pumzi kwa nguvu mpaka chini kabisa. Hakupata kitu. Si polishi, si thina, wala magazeti mabichi. Kitanda kiling'aa mbele yake, naye akaogopa kwa mara ya kwanza.

Dakta alikuwa na desturi ya kusoma kila kilichoandikwa nyuma ya kila kitu. Alilichukua kopo la polishi lililokaa dirishani, akalitoa nje. Karatasi yake ilikuwa imefunikwa na matone ya miaka, basi akaikwangua kwa kucha ya kidole gumba, mstari mmoja baada ya mwingine, akisoma kama mtoto wa shule.

— Inashika moto kwa urahisi. Weka mbali na… hii unaijua, mzee. Tumia mahali penye hewa ya kutosha. Usivute mvuke wake. Vaa glavu. Mvuke unaweza kusababisha maumivu ya kichwa na kizunguzungu. Weka mbali na watoto. — Akaligeuza kopo. — Usihamishie kwenye chupa ya kinywaji.

Binti alikuwa amemkabidhi Mama Birika mtoto, naye amerudi. Mkononi alikuwa na chupa ya maji ya kunywa aliyoichukua kizingitini, nusu yake imejaa kitu cha rangi ya chai.

— Na hii?

— Hiyo ni ya kupakia pembe. Ni rahisi kushika.

— Baba. — Aliinua chupa juu. — Mama Birika anakaa hapo nje. Dakta anaingia humu kuomba maji. Mimi mwenyewe nimetoka safari na kiu.

Mng'aro alikaa kwenye benchi, akaegemeza viwiko magotini.

— Kichwa kinauma tangu lini? — binti aliuliza.

— Nani kasema kinauma?

— Nimeuliza tangu lini.

— Tangu nianze kitanda.

Binti alikuwa na hasira, na alikuwa na haki nayo. Alimwambia mbele ya watu kwamba mtoto hatalala kwenye chumba kile, wala usiku huu wala kesho, na kama asingewahi kufika mchana angemlaza humo gizani, amechoka, bila kujua. Kisha akakaa kando yake, akaushika ule mkono wa kahawia, akauweka mapajani mwake.

— Nilitaka akute pazuri — alisema Mng'aro.

— Najua, baba.

— Mama yako alipenda vitu vinavyong'aa.

— Najua.

Aliinuka, akang'oa magazeti, akafungua madirisha yote mawili. Upepo wa barabarani uliingia na vumbi lake, likatua juu ya mkono wa saba wa polishi, ambao ulikuwa bado haujakauka. Kwa miaka yake thelathini na nane ya kazi asingevumilia kuona hivyo. Aliacha likatua. Taarifa na Dakta walishika kitanda kwa matambara, wakakitoa uani chini ya kibanda kisicho na kuta, na binti akatoa amri: kitakaa hapo mpaka kiache kunuka.

— Na nani atasema kimeacha? — Dakta aliuliza. Ndipo akamkumbuka Mng'aro, akauma mdomo.

Jioni, baada ya kuoga kwa sabuni mara mbili na kuvaa shati safi, alipewa mtoto kwa mara ya kwanza, nyumbani kwa Mama Birika ambako binti alikaribishwa. Mtoto alikuwa mwepesi kuliko alivyofikiri. Mng'aro aliinamisha uso kwenye utosi wake, pale ambapo kila mzazi huinamisha, akavuta pumzi. Akavuta tena. Mama Birika alikuwa anakunja nguo, akamwona, mikono yake ikasimama. Mng'aro alimrudisha mtoto haraka, akasema macho yanamwasha kwa sabuni.

Kesho yake binti alimpeleka zahanati. Muuguzi alimsikiliza kifua, akamwangalia macho, akamuuliza maswali ambayo angeulizwa miaka thelathini na nane iliyopita angekuwa mtu mwingine. Akamwambia akae mbali na polishi, anywe maji, apumzike kwenye hewa. Kichwa kitapona. Je, pua?

— Inaweza kurudi, mzee. Inaweza isirudi. Mwili wako ndio utasema.

Basi kijiwe kikapata kazi mpya. Kila asubuhi, kabla ya kahawa, Taarifa, Dakta na Mama Birika walizunguka uani, wakainama juu ya kitanda kama madaktari watatu juu ya mgonjwa, wakanusa.

— Bado — Mama Birika alisema.

— Bado kidogo — alisema Dakta.

— Mimi naona miguu imepoa, ila kichwani bado — alisema Taarifa. — Tuandike hivyo.

Mng'aro alisubiri kwenye benchi. Alikuwa amezoea kuulizwa, sasa yeye ndiye aliyeuliza. Aliyarudisha koponi yaliyokuwa kwenye chupa, akalifunga kopo, akaikata chupa asiitumie mtu. Aliwaambia wateja kwamba kazi zake zitachelewa na kwamba akirudi atafanyia uani, kwa glavu na barakoa, na kama vumbi litatua, litatua. Mteja mmoja alinuna akaondoka na droo zake. Mng'aro alishangaa kuona haikumuuma sana.

Kilichomuuma ni mtoto. Kila jioni alipewa, kila jioni aliinama, na kila jioni hakuna kitu. Binti aliwahi kumuuliza, kwa furaha tu, akiwa amesahau habari ya pua:

— Ananukia nini, babu?

— Vizuri — alisema. Ulikuwa uongo, na wote wawili wakausikia.

Siku iliyofuata kijiwe kilijaribu kumsaidia, kila mtu kwa akili yake.

— Ananukia maziwa — alisema Mama Birika. — Maziwa na usingizi.

— Simu mpya — alisema Dakta. — Ile ukifungua boksi, kabla hujaondoa plastiki.

— Bahasha — alisema Taarifa, na kwa mara ya kwanza hakuongeza hadithi. — Bahasha ambayo haijafungwa.

Mng'aro aliwashukuru. Alijitahidi kuvichanganya vitu hivyo vitatu kichwani vikawa mtoto, vikakataa.

Siku ya tisa waliafikiana wote kwamba kitanda hakinuki tena. Binti alikuja kunusa mwenyewe, pembe zote, akakubali kiingie ndani, madirisha wazi. Vumbi lilikuwa limeganda juu yake, ukipitisha kiganja unalisikia kama chumvi. Ilikuwa ndiyo kazi mbaya kuliko zote alizowahi kuzitoa mkononi mwake, na usiku huo mtoto alilala humo mpaka asubuhi.

Asubuhi ya siku ya kumi, mtu asiyejulikana alipita akaliona benchi, akakaa. Alikuwa anamsubiri fundi wa jirani, akaona si vibaya kunywa kahawa wakati anasubiri. Mama Birika alimmiminia. Mng'aro alikuwa kwenye kikombe cha pili, Taarifa na Dakta walikuwa wanakunywa wamekunja nyuso, wametulia, kama wanaomeza dawa. Mgeni alipiga funda moja, akalitema barabarani.

— Jamani, hii imeungua. Si kidogo. — Akawatazama wote kwa mshangao wa kweli. — Kwa nini mnakunywa?

Taarifa, ambaye hakuwahi kukosa jibu tangu astaafu, alitazama viatu vyake. Dakta akatoa simu, akaanza kuifuta kioo kilichokuwa safi. Mama Birika aliwapa mgongo, akawa anapuliza jiko lisilohitaji kupulizwa.

Mng'aro aliwatazama. Alikumbuka kwamba kwa siku tisa hakuna aliyeomba kuongezewa, hakuna aliyesifu, na hakuna aliyelalamika. Na Mama Birika, muuza kahawa wa miaka yote hii, anaunguzaje buni siku tisa mfululizo? Ikamjia polepole. Walikuwa wanaunguza makusudi na kunywa pamoja naye, asubuhi baada ya asubuhi, wakingoja siku atakayoinua uso na kulalamika.

Alikipeleka kikombe puani. Hakunywa. Alifumba macho, akavuta pumzi taratibu, kama mtu anayesikiliza nyayo kwenye nyumba kubwa. Mwanzoni hakukuwa na kitu. Kisha, kwa mbali sana, nyuma ya kila kitu, kukawa na moshi.

— Shemeji — alisema.

— Abee, shemeji.

— Hii kahawa ni mbaya.

Mama Birika hakugeuka. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Dakta alisimama, akakaa, akasimama tena. Taarifa alitoa leso, akapenga kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, akamwambia mgeni kwamba ni mafua tu.

— Sasa mbona mnalia? — mgeni aliuliza, na hilo nalo halikujibiwa.

Mama Birika aliimwaga kahawa yote mtaroni, akasuuza birika, akaanza kukaanga buni upya, safari hii bila kuondoa macho. Lakini Mng'aro hakungoja ichemke. Alikwenda bombani, akanawa mikono, akaingia chumbani ambako dirisha lilikuwa wazi na binti alikuwa anakunja nepi. Akamwinua mtoto kutoka kwenye kitanda chenye vumbi, akainamisha uso kwenye utosi wake.

Dakta alikuwa amemfuata, amesimama dirishani kwa nje, na nyuma yake Taarifa akichungulia.

— Mzee — alinong'ona. — Ananukia nini?

Mng'aro hakumjibu. Alikuwa bado ananusa.